Kula nje Lubumbashi bila ngano: anza kwa mama wa malewa

Mtu akiambiwa na daktari aache ngano, mara nyingi anafikiri kula nje kumebaki kwenye hoteli kubwa tu, zile zenye menyu ndefu na mpishi wa kofia nyeupe. Kwa hapa Lubumbashi mimi naona kinyume. Nina ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo wangu unaumizwa na gluteni iliyomo katika ngano; ulionekana nikiwa masomoni Ubelgiji, na tangu nirudi nyumbani nakula kwa amani zaidi kwenye malewa, vibanda vya chakula vya kina mama, katika mitaa yetu ya Kenya na Katuba kuliko kwenye meza zenye vitambaa katikati ya mji.

Sababu ni chakula chetu chenyewe. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Mahindi hayana, muhogo hauna, wala mchele, mtama, ulezi, viazi, ndizi, maharage na karanga. Sasa angalia kinachopakuliwa kwa mama: bukari (ugali) ya mahindi au ya mahindi na muhogo, sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), ndakala (dagaa), michopo (nyama ya kuchoma) ya mbuzi. Hata chikanda, ambayo ni viazi vya okidi za porini na unga wa karanga, haina ngano. Kwa asili yake sahani hii ni salama. Ngano inajipenyeza wakati wa kupika, na huko ndiko macho yako yanapaswa kuwa.

Ninachoogopa kuliko vyote ni mafuta ya kukaangia. Mama wengi wanaamka alfajiri kukaanga vitumbula, maandazi madogo ya unga wa ngano, vya kuuza kwa wanaokwenda kazini. Saa nne vitumbula vimekwisha, mafuta yamebaki kwenye karai, na mafuta ni ghali, hakuna wa kuyamwaga. Ndani ya hayo hayo wanaingia samaki, ndizi, viazi vya frite. Vipande vya unga vilivyobaki chini vinashika kila kinachofuata. Na usidhani moto umevisafisha: gluteni si kijidudu, haifi kwa kuchemka. Kwa hiyo kitu cha kukaangwa sili mpaka nione mafuta yakimiminwa kutoka kwenye chupa, na mimi ndiye ninayelipia hiyo chupa ikibidi. Mama akiona unalipa, anaelewa kwamba si maringo.

Samaki ana hatari yake ya pili. Makayabu (samaki wa chumvi) na tomson (samaki wa barafu) mara nyingi hupakazwa unga kidogo kabla ya kutiwa kwenye mafuta ili wasigande na wasirukie mpishi. Wakishaiva huwezi kuutambua unga huo kwa macho. Omba wa kuchoma, au wa kuchemshwa na nyanya na kitunguu.

Kuna kube za supu. Baadhi zina ngano na nyingine hazina, na kube ya jina lile lile inaweza kuwa na viungo tofauti kulingana na nchi ilikotengenezwa. Ukitaka kuitumia, soma karatasi yake. Mimi naomba chumvi, pilipili, tangawizi na ndimu, basi.

Michopo ndiyo rafiki yangu wa jioni. Nyama ya mbuzi, chumvi, makaa: hapo hakuna pa kuficha kitu. Angalia tu wavu. Pale wanapochoma pia sosisi (nyingine zimechanganywa na mkate uliosagwa) au wanapopashia mikate, mwombe mchomaji aukwangue wavu au akutengee upande wake. Wachomaji wengi ni watu wazuri ukiwaeleza kabla hawajaweka nyama motoni. Ukija kueleza nyama ikiwa tayari kwenye karatasi umechelewa.

Bukari yenyewe nauliza jambo moja: unga gani? Jibu likiwa mahindi au muhogo, nakaa. Likitajwa semoule, unga wa chembechembe, naomba kuona pakiti, maana iko ya mahindi na iko ya ngano.

Sasa hizo restora kubwa. Jiko la Kibelgiji na la Kifaransa linategemea unga wa ngano kufanya sosi iwe nzito. Buleti, yale madonge ya nyama ya kusaga, zina mkate ndani. Musaka ya Wagiriki ina beshamel juu, sosi ya maziwa na unga wa ngano. Kwa Wachina, sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, na inatiwa karibu kila mahali. Kwa Wahindi mchuzi wa dengu unaonekana hauna neno, lakini mvuje, kiungo chao chenye harufu kali, wa unga unaouzwa dukani mara nyingi umechanganywa na ngano. Tena mhudumu anayekuandikia oda hajui sosi ilianzaje. Atakujibu "hakuna shida" kwa sababu anataka ufurahi. Usikubali jibu hilo. Omba kwa heshima kuongea na mpishi, au piga simu siku moja kabla. Ikishindikana, chukua nyama ya kuchoma bila sosi, viazi vya kuchemsha au wali mweupe, na saladi unayoitilia ndimu mwenyewe.

Kwa mama wa malewa aliyepika yuko mbele yako, na hapo ndipo tofauti yote ilipo. Fika mapema, kabla ya saa sita, foleni haijaanza. Salimia kwanza, uliza watoto. Halafu usiulize kama chakula kina gluteni, uliza alivyokipika. "Mama, hii samaki uliipikaje?" Atakuhesabia kila kitu kwa mpangilio, mafuta, kitunguu, nyanya, kube, na wewe utasikia mahali pa kusimama.

Linaloumiza zaidi si njaa. Kwetu anayekataa sahani ya mtu anaonekana anamdhania sumu au uchawi. Nimeona uso wa mama ukibadilika. Ndiyo maana nasema ugonjwa wangu mapema, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote, na kuna kitu chake ninachokula hapo hapo akiniona: ndizi ya kuchemsha, karanga, sombe. Akiona unatafuna, moyo wake unatulia.

Wajomba nao watasema kidogo hakidhuru. Mimi huwasimulia habari za Uholanzi. Katika baridi ya njaa ya 1944 na 1945 mkate uliadimika, na watoto wenye siliaki, badala ya kuzidiwa kama wengine, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Daktari Willem Dicke, aliyekuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita, aliandika utafiti wake mwaka 1950. Na kuhusu hicho "kidogo": kwa kanuni za kimataifa za vyakula, zinazoitwa Codex, chakula kinachoandikwa kuwa hakina gluteni hakiruhusiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Mabaki ya kitumbula ndani ya karai hayana kipimo.

Kama bado hujapimwa ila unashuku, usiache mkate kwanza. Kipimo cha damu kinatafuta alama ambazo mwili unazitoa ukiwa unakula ngano. Ukiacha mapema, majibu yanaweza kukudanganya.

Vinywaji ni vifupi: bia za chupa tulizozoea hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, kwa hiyo hapana. Munkoyo wa mahindi na mizizi nakunywa, nikishamuuliza muuzaji kama ametia kimea na ni cha nafaka gani. Cha mtama hakina neno.

Na huu ndio ujumbe ninaoutuma kwa simu kabla ya kufika mahali papya. Unakili, ubadilishe unavyotaka:

"Jambo mama. Niko na maladi ya tumbo. Nikikula kintu yenye iko na bunga ya ngano, ile ya mukate na ya vitumbula, ata kiloko, ninagonjwa sana. Naomba nyama ya kuchoma na chumvi tu, bila kube. Samaki, usiipakaze bunga. Kama ni ya kukaanga, uweke mafuta ya mupya, nitalipa. Bukari ya mahindi, na mwiko ya kusafisha na sabuni. Nitafika saa tano. Aksanti sana mama."