Jibu: bob moja (sarafu ya shilingi moja ya Kenya) ilokatika ukingoni, ina thamani ama ni mbovu tu?

Yakhe hiyo bob ya twiga ulorudishiwa dukani usiiuze bado. Kasoro yenye thamani hutoka kiwandani, si mtu na tupa yake. Tazama ukingo ulioelekeana na pale palipokatika, ukiwa umefifia kama haukuinuka vizuri basi kuna dalili ilikatika kabla haijapigwa chapa, lakini ukingo ukiwa sawa mzunguko wote na kuna mikwaruzo, hiyo ni kazi ya fundi wa mtaani tu. Mwombe sonara akupimie uzito pamoja na nyengine ya aina hiyo hiyo. Na tafadhali usiisugue na ndimu, wanunuzi hawataki ilong'arishwa! Na ile sarafu ya shilingi 40 ya 2003 yenye picha ya Rais Kibaki si kasoro, ni ukumbusho wa miaka 40 ya uhuru.