Kukosa kazi kunavyokula akili

Pole sana mdogo wangu, hiyo ya kulala mpaka saa sita mchana na kutopokea simu za washkaji tangu upunguzwe kazini sio uvivu hata kidogo. Miaka ya 1930 kule Austria, kijiji cha Marienthal, kiwanda cha nguo kilifungwa, karibu kijiji kizima kikabaki bila ajira, mtafiti wa saikolojia Marie Jahoda na wenzake wakaenda kuwachunguza wakakuta watu wana muda kibao lakini vitabu vya maktaba wanaazima kidogo kuliko zamani, wanaume wanatembea polepole tu. Kazi sio hela peke yake, inakupangia siku, inakupa watu, ikiondoka vinaondoka vyote.

Mi nilikaa miezi 14 bila kazi, kilichonishika ni kuamka saa kumi na mbili kila siku naenda kumsaidia shemeji dukani, bure kabisa, ila nilikuwa na pa kuamkia. Maombi ya kazi fanya asubuhi basi. Na mama mwambie ukweli, kule kujifanya uko sawa ndo kunachosha zaidi. Ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri, nenda hospitali ya mkoa au Muhimbili siku hiyo hiyo.