Breki Inayolegea Mteremkoni

Swali: Mhariri, nikiteremka mlima wenye kona kali kwa pikipiki, breki ya nyuma, ambayo ni ya diski, hunuka na kulegea. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, breki inayokanyagwa mfululizo hupata joto kali, na mafuta yake yakichemka hutoa mapovu ya mvuke yanayobonyea, ndiyo maana pedali huzama bila kushika. Teremka kwa gia ndogo, ile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huohuo, ili injini yenyewe ikuzuie. Punguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima, kisha elekeza macho kule kona inakoishia, si ukingoni mwa korongo. Ukisikia harufu hiyo tena, nakusihi usimame kando mpaka breki ipoe. Mafuta hayo hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishe kila baada ya miaka 2.