Gitaa jipya la besi, nyuzi ziko juu: usiikaze nati ya shingo kabla hujapima

Weka hiyo alenki, ufunguo wa pembe sita, chini, mkuu. Umeuliza mengi, ubora wa besi ya laki nne, amplifaya ya kwaya, aina ya nyuzi, lakini mimi nimeganda kwenye mstari mmoja tu: nyuzi ziko juu mpaka vidole vinauma, na muuzaji amekwambia "kaza nati ya kichwani, zitashuka". Shingo ya besi yangu ilikufa kwa maneno hayo hayo. Watu hawa wanauza magitaa kama wanavyouza masufuria, hawajawahi kufungua hata moja, halafu wanatoa ushauri kwa kujiamini. Inauma sana.

Nati ile si ya kushushia nyuzi. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu, trasi rodi, kinachoshindana na mvuto wa nyuzi. Nyuzi nne za besi ya inchi 34 (urefu wa uzi unaolia) zikikazwa hadi sauti zake zinavuta zaidi ya kilo 70, karibu mfuko mmoja na nusu wa saruji. Kwa hiyo shingo hupinda kidogo, na inatakiwa ipinde kidogo. Ukikaza rodi kupita kiasi shingo inabinuka kinyume: nyuzi zinakwaruza freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) za mwanzo upande wa kichwa, ya kwanza hadi ya nne, na kule freti ya 12 bado ziko juu. Mtu anadhani hajakaza vya kutosha, anaongeza. Hapo nati inalika meno, au rodi inakatikia ndani ya mbao. Kwa besi ya bei hiyo, kubadilisha shingo hakulipi.

Pima kwanza. Tyuni nyuzi E, A, D, G, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine ubane pale shingo inapokutana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula. Mwenzako aingize fila geji ya 0.3 mm, kile kibati chembamba cha fundi pikipiki cha kupimia valvu, kati ya uzi na freti ya saba. Ipite ikigusa uzi bila kuuinua. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, kaza robo ya mzunguko tu, tyuni upya, iache hadi kesho, pima tena. Uzi ukiwa umelala juu ya freti, legeza robo. Nati ikigoma, acha hapo hapo. Na alenki iingie kwa kubana: zipo nati za 4 mm na za 5 mm, na ya 4 kwenye tundu la 5 inakula pembe zote.

Ukikuta 0.3 tayari, shingo haina kosa. Nenda kwenye daraja, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi; kila uzi una skrubu mbili ndogo, mara nyingi alenki ya 1.5 mm. Shusha mpaka freti ya 12 upate kama 2.5 mm kwa E na 2 mm kwa G. Skrubu zikifika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, legeza nyuzi, fungua skrubu za shingo, weka kipande chembamba cha kadi ngumu ndani ya tundu la mwilini shingo inapokaa, upande ulio karibu na daraja. Shingo italala nyuma kidogo na nyuzi zitashuka.

Mbao za besi rahisi mara nyingi hazikukaushwa vizuri. Mchonga vinyago yeyote wa Kimakonde anajua mpingo mbichi unavyopasuka, na huku Mtwara unyevu wa mvua za Desemba hadi Aprili unaichezea shingo. Kwa hiyo pima tena kiangazi kikiingia.

Leo hii, kabla ya yote, shika gitaa kama bunduki, jicho kwenye daraja, tazama kingo mbili za shingo hadi kichwani. Ukingo mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, shingo imejinyonga na hakuna nati inayotibu hilo. Irudishe dukani ikiwa bado na risiti, na usiwe umegusa skrubu hata moja, maana watasema wewe ndiye uliyeiharibu.