Mnauliza, tunajibu: Kusomea ushauri wa ndoa na familia kwa mtazamo wa mfumo

Nina cheti cha ushauri nasaha na nimezoea kukaa na mteja mmoja mmoja. Nimeona kozi ya ushauri wa ndoa na familia "kwa mtazamo wa mfumo". Mwenzangu anadai tofauti ni viti tu: badala ya mteja mmoja unakaribisha wawili au watano. Ni kweli?

Viti ndiyo sehemu rahisi. Wapo washauri wanaomwona mtu mmoja na bado wakafanya kazi ya mfumo, na wapo wanaoketisha familia nzima kisha wakawahoji mmoja mmoja kama foleni ya zahanati. Kinachobadilika ni swali unaloingia nalo chumbani. Uliyezoea mteja mmoja unajiuliza, "Huyu ana nini?" Kwenye mfumo, yaani ukiitazama familia kama kitu kimoja ambamo kila mmoja anamgusa mwenzake, unajiuliza, "Hapa nini kinafuata nini?"

Chukua kijana wa miaka 14 anayejifungia chumbani. Baba anagomba. Mama anampelekea sahani ya chakula mlangoni. Baba akiona sahani, anaona mtoto anadekezwa, anaongeza ukali. Mama akiona ukali umezidi, anazidi kumkingia kifua mtoto. Kijana akisikia wazazi wanabishana sebuleni kwa ajili yake, ndiyo kabisa hatoki. Muulize baba chanzo, atakuambia ni mama. Muulize mama, atakuambia ni baba. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja anaanza kuhesabu duara kwenye hatua ya mwenzake, basi. Kozi inakufundisha kuliona duara lote na kutafuta pa kulikatizia, na mara nyingi pa kulikatizia si kwa kijana aliyeletwa kama ndiye mgonjwa.

Mawazo haya hayakutoka kwa mtu mmoja. Miaka ya 1950 Gregory Bateson na wenzake huko California walichunguza mawasiliano ndani ya familia. Murray Bowen akaangalia yanayorithishwa kizazi hadi kizazi. Salvador Minuchin akaangalia mipaka, yaani nani anaamua nini na nani anaingilia wapi. Timu ya Milan, kikundi cha wataalamu wa tiba ya familia huko Italia, ikanoa namna ya kuuliza. Kozi inayokufundisha mmoja tu kati ya hao na kuita huo ndio mfumo, imekupa robo ya mkate.

Tuliagizwa kuchora jenogramu, yaani mchoro wa familia na mahusiano yake, ya vizazi vitatu. Nimeweka kila mtu mahali pake, lakini mkufunzi amenirudishia na maneno haya: "Huu ni mti wa ukoo tu." Nimekosea wapi?

Bila shaka alama umeziweka sawa: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mume kushoto na mke kulia, watoto wakining'inia kwenye mstari wa ndoa kuanzia kifungua mimba kushoto hadi kitinda mimba kulia. Mshazari mmoja unaokata mstari wa ndoa ni kutengana, miwili ni talaka, na X ndani ya umbo ni marehemu. Hapo umepata watu. Bado hujapata uhusiano wala wakati.

Uhusiano una mistari yake. Miwili sambamba ni ukaribu, mitatu ni ukaribu uliopitiliza, wa vipande vipande ni watu walio mbali kimoyo, na wa meno ya msumeno ni ugomvi. Ukishaichora, tafuta pembetatu. Bowen alisisitiza kwamba wawili wakizidiwa na mvutano humvuta wa tatu, na jenogramu ndiyo inayomfichua huyo wa tatu: mtoto, mama mkwe, hata mshauri mwenyewe.

Wakati ndio wanafunzi wengi wanaousahau. Andika mwaka wa kuzaliwa, wa ndoa, wa kifo, wa kuhama, wa kupoteza kazi, halafu weka miaka hiyo pamoja uitazame. Ukikuta babu alifariki mwezi uleule mjukuu alioanza kutoroka shule, hujapata jibu, lakini umepata swali ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuliuliza.

Kosa jingine: kuichora peke yako ofisini kutoka kwenye faili. Tandaza karatasi kubwa ya A3 mezani, tumia penseli, chora wateja wakiona. Utasikia, "Hapana, shangazi hatumweki hapo," na sentensi hiyo moja ina uzito kuliko maumbo ishirini. Wala usilazimishe kila kisanduku kijae kikao cha kwanza. Ukiona umefika dakika ya 50 na bado unauliza majina ya mabinamu, umegeuka karani wa sensa.

Maswali ya mzunguko yananishinda. Nikiuliza, kila mtu anajibu "sijui".

Tukikisia, maswali yako yanaanza na "kwa nini". Neno hilo linamtaka mtu ajitetee, na asiye na utetezi husema hajui. Swali la mzunguko haliombi sababu, linaomba tofauti: nani zaidi, lini zaidi, kabla au baada ya nini. Na jambo la wawili unamuuliza wa tatu, wao wakisikia.

Kwa ile familia ya kijana, badala ya kumwambia "Kwa nini hutoki chumbani?", mgeukie dada yake: "Kaka akijifungia, nani wa kwanza kugundua? Yeye anafanya nini? Baba akiona hivyo, anafanya nini?" Kisha: "Kabla ya hili, baba na mama walikuwa wanabishana juu ya nini?" Kisha, ukiona wanavumilia: "Kaka akianza kutoka kesho, nani atabaki na la kubishania?" Mtazame baba wakati dada anajibu. Mara nyingi hapo ndipo anaposikia kwa mara ya kwanza jinsi ukali wake unavyoonekana kutoka kiti cha pembeni.

Maswali haya yasitoke kwenye orodha uliyoikariri. Swali linalofuata lichukue neno alilolitumia aliyejibu. Akisema baba "ananuna", uliza juu ya kununa, usimbadilishie ikawa "hasira". Ukitumia kipimo cha 0 hadi 10, na mke akasema ndoa iko kwenye 3, usikimbilie kuuliza kwa nini si 10. Uliza nini kinaizuia isishuke hadi 1. Utapata orodha ya mambo yanayofanya kazi, na hayo ndiyo ya kujengea.

Nitajuaje kozi ni ya kweli kabla sijalipa?

Uliza kitu kimoja kabla ya vyote: nani ataniona nikifanya kazi, na mara ngapi? Si nani atasoma ripoti yangu. Ripoti huandikwa na mtu yuleyule ambaye hakuona kilichompita, kwa hiyo nayo haitakionesha. Usimamizi unaofaa ni wa moja kwa moja, nyuma ya kioo cha upande mmoja, anakoona bila kuonekana, au kwa kamera, au wa video inayotazamwa baadaye kwa ridhaa ya maandishi ya kila mtu aliyerekodiwa.

Timu ya Milan ilikuwa na watu wanne, wawili chumbani na wawili nyuma ya kioo, na kikao chao kilikuwa na sehemu tano: timu inajadili dhana yake kabla familia haijaingia, mazungumzo na familia, mapumziko ya timu kushauriana, kurudi na ujumbe au kazi ya kufanya, na mjadala wa mwisho familia ikishaondoka. Wanafunzi hufupisha sehemu ya kwanza na ya tano kwa kisingizio cha muda, ilhali ndizo zenye mafunzo mengi zaidi. Kikao chenyewe huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Milan waliviachanisha kwa takriban mwezi mmoja, mwanzoni kwa sababu familia zilitoka mbali. Baadaye wakaona nafasi hiyo inaipa familia muda wa kujipanga upya. Anayekupangia familia ileile kila siku ya tatu ana sababu? Mwulize.

Angalia pia kama utakaa pande zote mbili za kioo. Mwaka 1985 huko Tromsø, Norwei, Tom Andersen na wenzake waligeuza mambo: familia ikaachwa isikilize timu ikizungumza juu yake. Ukishajua kwamba mteja atakusikia, lugha yako hubadilika, na zoezi hilo hakuna kitabu kinachoweza kukupa.

Mwisho, uliza kama utachora jenogramu yako mwenyewe mbele ya kikundi. Aliyekulia kwenye nyumba ambayo mama hakosei atamtetea kila mama atakayeingia, tena bila kujua. Kozi ya wikendi mbili inaweza kukupa msamiati. Haiwezi kukupa hili.

Nimeanza mazoezi na wanandoa. Jana mke amenipigia simu faragha, akasema ana mtu mwingine na nisimwambie mumewe. Nifanye nini?

Tatizo lilianza kikao cha kwanza, ulipoacha kueleza utaratibu wa siri. Utaratibu huo huandikwa, husomwa wote wakiwepo, na huwekwa saini. Wengine husema: chochote nitakachoambiwa pembeni kinaweza kurudi mezani. Wengine hutunza siri ya mtu mmoja, lakini kwa mpaka ulioelezwa mapema. La kwanza ni jepesi kwa mwanafunzi.

Sasa ulivyo, umeshaingizwa kwenye pembetatu. Usimpigie mume. Usijifanye pia hujasikia, kwa maana utaendelea kuwauliza juu ya kuaminiana huku unajua. Zungumza na msimamizi wako kabla ya kikao kijacho, kisha mwone mke peke yake: "Siwezi kuendelea na ninyi wawili nikiwa nimebeba hili. Ninaweza kukusaidia kutafuta namna ya kulisema, au tusitishe vikao." Akikataa yote mawili, sitisha bila kumtaja wala kutaja sababu yake.

Nyumbani kuna kipigo. Nako nitafute duara?

Hapana. Anayepiga ndiye anayewajibika kwa kipigo, na kutoegemea upande hakuhusu usalama. Ndiyo maana kila mmoja huonwa peke yake mwanzoni, walau mara moja, na huulizwa wazi: unaogopa kusema lolote mbele ya mwenzako? Amewahi kukupiga, kukukaba, kukuzuia kutoka? Jibu likiwa ndiyo, vikao vya pamoja vinasimama. Lililosemwa chumbani kwako mchana linaweza kulipiwa usiku. Kinachofuata ni mpango wa usalama wake na wa watoto, pamoja na msimamizi wako, siku hiyohiyo.