Mkuu usizikunje hizo picha, nakuomba

Yaani nimesoma post yako ya kumpelekea mteja wa Canada picha za Tingatinga za kanvasi, ule mtindo wetu wa Dar wa rangi zinazong'aa, mpaka pale ulipoandika "jamaa wa dukani wanamalizia leo, jioni wananikunjia na magazeti, keshokutwa zinapanda ndege" nikaweka sahani chini. Mkuu SIMAMA hapo hapo. Kama hujalipa usilipe, na kama umelipa waambie wazitundike kwanza zikauke. Hayo mengine uliyouliza, ya sijui za kijijini zinauzika kuliko za wanyama, bei, fremu, tutayafikia, kwanza tuokoe hela yako.

Hiyo njia mimi nimeshapita na nikaanguka nayo. Dada yangu yuko Sweden, rafiki yake alikuwa anafungua mgahawa akataka ukutani ziwe Tingatinga za maisha ya kijijini, mibuyu, nyumba za nyasi, akina mama wanatwanga, watoto wanachunga ng'ombe, na Kilimanjaro kule nyuma na theluji yake. Nikaona dili hilo limejileta lenyewe. Nikaenda kwa jamaa mmoja hapa Dar, duka silitaji maana sitaki kesi na mtu, nikaagiza za kanvasi, kubwa kubwa. Siku ya kuchukua nikazikuta zinang'aa hatari, nzuri mpaka unatamani uingie ukae chini ya ule mbuyu. Nikauliza zimekauka? Jamaa akapitisha kiganja pale kwenye anga, akanionyesha mkono, "bosi ona mwenyewe, kavu". Na mimi msomi nikapitisha changu. Kavu kweli.

Sasa mtego uko hapo. Ile rangi ni ya mafuta, ile ile ya kupakia mageti na baiskeli, na inakauka kwa kukutana na hewa, kwa hiyo inaanza juu, inatengeneza ngozi, chini yake bado ni uji. Halafu Tingatinga haipakwi mara moja. Anapaka kwanza mandharinyuma picha nzima, anga na ardhi, anaacha ikauke, ndo anakuja na miti na watu, mwisho kabisa anatia zile nukta na mistari myembamba, majani, manyoya, macho, shanga. Kwa hiyo ukigusa anga unagusa rangi iliyopakwa kwanza, tena nyembamba. Nukta ndo nene na ndo za mwisho, huenda kazitia asubuhi hiyo hiyo wewe uko kwenye daladala unakuja. Yule jamaa alijua anachogusa, mniache niseme. Huwezi kukaa kwenye biashara ya picha miaka yote hiyo halafu kiganja chako kila siku kinakwenda angani tu, hakiendi hata siku moja kwenye shanga za mama.

Wakaziweka moja juu ya nyingine, gazeti katikati, rangi ikaangalia ndani, wakazikunja zote kwa pamoja roli moja jembamba kama mkeka wa mgeni, wakapiga selotepu mpaka ikalia. Zikakaa kwenye buti la gari na joto lile la mwezi wa pili, ndo zikasafiri. Joto, kubanwa, na hewa hakuna. Ukitaka kugundisha vitu viwili hiyo ndo fomula yenyewe.

Dada akanipigia video tufungue pamoja, na mwenye mgahawa kasimama pembeni na kahawa yake. Nikasikia kwanza kabla sijaona, kraaaaa, nikadhani ni mtandao. Kumbe ndo picha inaachana na gazeti. Ya kwanza mama anatwanga, mchi upo, mikono ipo, kinu hakipo, kinu kimehamia kwenye gazeti. Ng'ombe hawana macho. Na Kilimanjaro, mkuu, theluji ya Kilimanjaro ilikuwa na habari za ligi, zimejiandika kinyumenyume, vizuri kabisa, ungeweka kioo ungesoma nani kafunga dakika ya ngapi. Mwenye mgahawa akauliza kwa upole kama ndo mtindo wenyewe wa Afrika. Dada akaniangalia. Nikasema ndiyo ni mtindo mpya huo, mchanganyiko. Hakununua, lakini walau nilijaribu kuanzisha shule ya sanaa.

Hela ya picha ikaenda, ya kusafirisha ikaenda, ya dada ikabidi nirudishe, na yule jamaa nilipompigia akaniambia "hiyo ni baridi ya Ulaya bosi, inaharibu rangi". BARIDI! Picha zimegandana kwenye joto la Dar halafu kosa ni la Sweden. Baadae fundi mmoja mzee aliponiona nalalamika akacheka, akaninusisha kopo la jamaa wanaoharakisha oda: rangi imekatwa na mafuta ya taa ili iwe nyingi na iteleze. Hiyo ndo haikauki kabisa, inakaa inanata tu.

Sasa wewe shika hili moja, mengine hata usahau: NUSA, halafu BONYEZA. Pua karibu kabisa na kanvasi. Ukisikia harufu ya rangi, tapentaini au mafuta ya taa, haikunjwi, hata mchoraji aape kwa mama yake. Haina harufu? Tafuta nukta nene kuliko zote, weka kidole gumba, bonyeza kwa nguvu na uzungushe kidogo. Ikibaki alama ya kidole, inarudi kwenye kamba. Mimi kwa sasa sikunji kitu kabla ya mwezi, na kipindi cha masika naongeza, unyevu ule rangi inajivuta tu.

Na ikishakauka, rangi iangalie NJE, usiikunje ndani. Najua unaona kama unaiweka hatarini lakini ikiwa ndani ile rangi inajikunyata, ukija kuinyoosha inapasuka. Izungushie bomba la plastiki nene, lile la maji machafu la inchi nne au zaidi, juu weka karatasi ya kuokea keki, ile inayoteleza. Gazeti hapana, nailoni pia hapana kwa rangi hii.

Unashangaa mbona picha za zamani hazina kesi hizi? Mzee Edward Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huu, alipoanza 1968 pale Morogoro Stores, Oysterbay, alichora kwenye hardboard za silingi, zile za mraba za kama sentimita 60. Jaribu kukunja silingi bodi uone. Kanvasi ilikuja baadae, na watalii wakaipenda kwa sababu inaingia kwenye begi, ndo na sisi tukaanza huu wazimu wa kukunja. Na kwa vile uliuliza kama za kijijini ni "Tingatinga orijino": yeye wengi wanamkumbuka kwa mnyama mmoja au ndege kwenye mandhari tupu, hizi za kijiji kizima na watu kibao zilishamiri kwa waliokuja baada yake. Bado ni Tingatinga, usikubali mtu akutoze zaidi au akukatie bei kwa sababu hiyo.

Fremu fanyia huko huko Canada, mwambie tu mchoraji aache kanvasi tupu inchi mbili kila upande la sivyo fundi wa huko atakosa pa kuivuta kwenye fremu, atakata miguu ya ng'ombe. Bei sijui kwa kweli, mimi niko upande wa waliopata hasara, usiniulize.

Kama mteja wako hawezi kusubiri, chukua ndogo za bodi zilizokaa dukani muda mrefu, zile zenye vumbi kabisa, vumbi hapo ni cheti. Na huyo jamaa wa dukani akikwambia "gusa bosi", mwambie aikunje moja ya kwake na gazeti lake, mkaiweke kwenye gari juani, mnywe soda, halafu aifungue yeye mwenyewe mbele yako. Ulete majibu hapa.