Nyimbo zote unazo, humalizi hata moja

Ndugu yangu uliyeniandikia, nimekuelewa: una mamilioni ya nyimbo kiganjani kwenye programu ya muziki ya simu, unaruka kabla ubeti haujaisha, na bando linakata katikati ya wiki.

Anza kwa kuzima ile sehemu inayokuchezea wimbo mwingine bila kuuomba. Kisha chagua albamu moja, ipakue ukiwa kwenye WiFi, uisikilize kwa mpangilio aliouweka msanii. Na kama ulivyosema unapenda rumba ya Kongo, usiruke mwanzo! Franco na bendi yake ya TPOK Jazz walikuwa wanakuchukua taratibu kwa maneno, ndipo sebene (ile sehemu ya magitaa ya kuchezea) linaingia, mara nyingine baada ya dakika kadhaa. Ukilikimbilia sebene peke yake (wengi mnafanya hivyo, najua) utamu wake hauupati.

Bando sasa. Ubora wa sauti wa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban MB 144 kwa saa. Wa 96 hula kama MB 43. Kwa spika ya simu, hiyo 96 inatosha kabisa. Kama programu yako ni Spotify, ile ya kulipia inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulivyopakua havichezi.

Hedifoni punguza sauti. Masikio yakivuma hadi kesho yake, muone daktari wa masikio.